Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia usiku, watu wote wamelala isipokuwa mimi na mbwa. Yuko chini ya meza ananikodolea macho, kana kwamba mimi ndiye niliyehamia kwake.

Wiki saba zilizopita tulimchukua kwenye kituo kinachohifadhi mbwa waliotupwa. Ni dume, keshahasiwa, ana kilo sita na nusu, manyoya magumu kama brashi, ndevu za mzee, sikio moja limesimama na la pili limelala. Daktari wa pale alimtazama meno akakadiria miaka miwili. Kwenye karatasi yake waliandika "chotara wa teria", basi. Siku tatu za kwanza hakutoa sauti hata moja. Alijikunja pembeni, akala kidogo, akalala sana. Tukafurahi, tukampa jina Kimya.

Siku ya nne Kimya akaanza kubweka, na mpaka leo hajamaliza. Anabwekea mlango, anabwekea ndege, anabwekea jani linaloburutwa na upepo. Bustanini amechimba shimo kando ya ukuta, sasa mkono wangu unazama hadi begani. Nikilifukia asubuhi, jioni liko palepale na limezidi. Binti yangu wa miaka saba alikuwa na dubu wa kitambaa aliyelala naye tangu uchanga. Kimya alimkamata dubu shingoni, akamtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka, kisha akaketi akamtoa pamba yote, kipande baada ya kipande, kwa utulivu ulionitisha kuliko fujo yenyewe. Nikimwita tukiwa nje, lile sikio lililosimama linageuka, ananisikia kabisa, halafu anaendelea na shughuli zake.

Ana vituko vya kuchekesha pia, nisimwonee. Akikimbia, mara nyingine anaukunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka kwa mitatu hatua mbili tatu, kisha anaushusha na safari inaendelea. Binti yangu anasema Kimya anacheza dansi.

Lililonikalisha chini niandike ni la juzi. Kimya alikuwa amejilaza kwenye kochi. Binti yangu akaenda kumbeba ampeleke chumbani, kama afanyavyo kila siku. Mbwa alikuwa macho. Alilamba pua, akageuza uso pembeni, akapiga mwayo, tukadhani ana usingizi. Mtoto alipomwingizia mikono chini ya tumbo na kumnyanyua, alinguruma, na si kwa mchezo. Meno yalionekana. Mtoto akamwachia, akaanza kulia. Mume wangu akamfokea Kimya, akamfungia nje. Hakumng'ata mtu, lakini mume wangu amesema akirudia mara moja tu, atarudi alikotoka.

Niseme na lile ninaloliona aibu. Kabla yake tulikuwa na Jabali, mbwa mkubwa, mpole, aliyeishi nasi miaka kumi na moja akafa kwa uzee. Jabali hakuwahi kunguruma. Mtoto alimfanya mto wa kulalia. Nikimtazama huyu mdogo, kila siku naona tu kwamba si Jabali. Namlisha, namtembeza, lakini moyoni namvumilia. Tulichagua mbwa mdogo tukidhani na kazi yake itakuwa ndogo.

Mjomba, huyu ni teria wa aina gani hasa? Nimpeleke akafanyiwe kipimo cha vinasaba nijue? Ile ngurumo maana yake ni mbwa mkali? Na je, nimrudishe?

Mama wa Dubu Aliyechanwa

*

Marahaba, mpwa wangu.

Naanza na sentensi uliyoiandika ili nicheke, maana mimi haikunichekesha. Mbwa mdogo anayekimbia, ghafla akakunja mguu wa nyuma, akaruka kwa mitatu, kisha akaushusha kama hapakuwa na kitu, mara nyingi ni mbwa ambaye pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inachomoka kwenye mfereji wake na kurudi. (Kiswahili kina neno lingine la mfupa huo, kilegesambwa, na hapa limempata mwenyewe.) Ni tatizo la kawaida sana kwa mbwa wadogo, teria wakiwemo. Kwa kuwa wengi wao hawalii, watu huona mchezo. Madaktari hulipanga kwa daraja nne: la kwanza, pia hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe, la nne, imekaa nje moja kwa moja na haikubali kurudishwa kwa mkono. Mbwa wa daraja za chini huishi vizuri akilindwa asinenepe na misuli ya mapaja ikiimarishwa. Wa daraja za juu hufikiriwa upasuaji. Sisemi Kimya analo, sijamshika mguu. Nasema kwamba kabla ya kuuliza kama mbwa ni mkali, mtu huuliza kwanza kama anaumwa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama wiki hii, amshike magoti yote mawili, mgongo, masikio na meno. Mbwa wadogo huoza meno mapema, na jino bovu peke yake linatosha kumfanya mnyama asitake mtu amsogelee.

Sasa ngurumo. Rudi kwenye barua yako mwenyewe: alilamba pua, akageuza uso, akapiga mwayo. Wewe ulisoma usingizi. Mimi nasoma mbwa aliyesema "sitaki" mara tatu, tena kwa adabu. Mbwa analamba pua pasipo na chakula, anatazama kando, anapiga mwayo ilhali hana usingizi, anaonyesha weupe wa pembe ya jicho, anakakamaa mwili kidogo tu. Hayo yote hutangulia sauti. Asiposikika kwa lugha hiyo ndipo anapandisha sauti. Kimya alipandisha, akaonyesha meno, na vidole vya mtoto vilikuwa pale pale, hakuvigusa. Huyo ni mbwa mwenye breki.

Mume wako namwelewa, hakuna mzazi ambaye angekaa kimya pale. Lakini mbwa anayefokewa kila akinguruma hajifunzi kupenda kubebwa. Hujifunza kwamba kunguruma kunaleta balaa, basi siku nyingine anairuka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Mbwa ninayemwogopa mimi ni yule aliyefundishwa kunyamaza. Mwambie baba wa nyumba kwamba alichokizima juzi ni king'ora, si moto.

Na hapa niseme jambo ambalo wenye mbwa wadogo hawapendi kuambiwa. Mbwa mdogo anaishi maisha ya kunyakuliwa. Kila mkono unaopita unaweza kumwondoa ardhini bila kumwuliza, akiwa amelala, akiwa anakula, akiwa anatazama kitu chake. Mnasema Jabali hakuwahi kunguruma. Sawa, lakini nani aliwahi kumnyanyua Jabali kwenye kochi akiwa amejilaza? Mngehitaji watu wawili. Jabali mlimwita, akajishusha mwenyewe kwa wakati wake. Kimya hajawahi kupewa heshima hiyo hata siku moja.

Kwa hiyo kuanzia leo habebwi na mtu, labda nyumba iwe inaungua au mko kwa daktari. Mkitaka ashuke kwenye kochi, mtu anasimama hatua mbili mbali, anamwita, na akishuka anapata kipande kidogo cha nyama. Baada ya siku chache atashuka kabla hamjamaliza kutamka jina lake. Kwa binti yako sheria ni moja tu, na mtoto wa miaka saba anaiweza: mwite, usimwendee. Akija, amkune kifuani au shavuni, si juu ya kichwa, ahesabu mpaka tatu, kisha aondoe mkono. Mbwa akimsogelea tena au akamsukuma kwa pua, ameruhusiwa kuendelea. Akiondoka au akatazama kando, mazungumzo yamekwisha. Watoto huupenda mchezo huu kuliko unavyofikiri, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanaona mbwa anawajibu. Akiwa amelala au anakula, haguswi. Na mtu mzima awepo chumbani humo humo, macho yake kwao. Kuwa chumba cha pili si kuwepo. Mpeni pia pembe yake, kitanda chake mahali ambapo mtoto haingii kabisa.

Nitasema na hili haraka, kisha tuliache. Hakikisheni chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata wa nyumbani, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umeniuliza ni teria wa aina gani. Sijui, na waliomwandikia karatasi nao walikisia kwa macho. Walimwona mdogo, ana ndevu na nyusi na manyoya magumu, wakaandika teria. Sasa zile ndevu zinatokana na badiliko kwenye jeni moja tu, na nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumwotesha mbwa ndevu. Babu wa babu yake mmoja mwenye masharubu angeweza kuyafikisha hapo, yeye mwenyewe akiwa mbwa koko safi kwa mengine yote. Kipimo cha vinasaba kifanye kama una hamu ya kujua ukoo, hakuna ubaya, ni burudani. Ila usitegemee kikuambie Kimya ni nani. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 kati yao. Walikuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yaliyobaki hayasomeki kwenye jina la aina.

Lakini matendo yake umeniandikia, na matendo ndiyo karatasi ninayoiamini. Anachimba, anabweka, anakamata shingoni na kutikisa, anasikia anaitwa na kuamua mwenyewe. Hata kama hana tone la damu ya teria, kazi anayoifanya ni ya teria, na ukiijua kazi hiyo utaacha kuiona kama utundu.

Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini terra, ardhi. Walikuwa mbwa wa kuingia mashimoni huko Uingereza na visiwa vya jirani, kumfuata mbweha, panya na wanyama wengine wanaojificha chini ya udongo. Mbwa wa kuchunga kondoo hufanya kazi akimtazama mchungaji, ishara ya mkono inamgeuza kushoto au kulia. Teria alikuwa chini, gizani, peke yake, uso kwa uso na mnyama mwenye meno, na bwana wake juu hakuona kitu. Nani angempa amri? Alitakiwa aamue mwenyewe, asikate tamaa, na abweke bila kuchoka ili walio juu wajue pa kuchimba. Wafugaji walichagua mbwa wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Mchungaji wa kanisa mmoja, John Russell, ambaye jina lake wamelibeba teria wa Jack Russell, alianza na jike mmoja aliyeitwa Trump, inasimuliwa alimnunua mwaka 1819 kwa mwuza maziwa, akiwa bado mwanafunzi Oxford. Hata yule teria wa Yorkshire mnayemwona leo na utepe kichwani, mababu zake walikamata panya kwenye viwanda vya nguo karne ya 19. Utepe umekuja juzi tu.

Basi dubu wa binti yako hakuuawa kwa chuki wala kwa wivu. Kutikisa ni kuvunja shingo ya panya kabla hajapata nafasi ya kung'ata, na kuchambua pamba ni hatua inayofuata. Ule utulivu uliokutisha ni utulivu wa fundi kazini. Mshoneni dubu, lakini mkae mkijua kwamba vitu laini vyenye macho na manyoya mbwa huyu hataviona kama nyie mnavyoviona. Na kama kuna sungura au ndege wa kufugwa hapo nyumbani, wawe nyuma ya mlango uliofungwa, si nyuma ya imani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako amekuja na lake, na kila akilitoa mnamnyang'anya. Mtengenezee pa kuchimba: sanduku pana au kona ya bustani yenye mchanga laini, umzikie mpira, kipande cha nyama kavu, soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Siku za kwanza zika juu juu aone mafanikio. Mimi niliwahi kuishi na jike chotara wa jinsi hii, kilo saba, aliyekuwa akifungua kabati la viatu kwa pua. Mwaka mzima nilifukia mashimo yake kama mtu anayeandikiwa adhabu. Nilipomjengea sanduku la mchanga alilitazama, akanitazama, akarudi kuchimba palepale pa zamani. Ilinichukua wiki mbili na nyama nyingi kumshawishi kwamba la kwangu lina faida zaidi. Shimo la ukutani niliishia kulitandikia wavu wa chuma chini ya udongo, akaliacha kwa heshima.

Hata hivyo, kabla hujamlaumu, kagua ule ukuta. Mbwa anayerudi sehemu moja kila siku mara nyingi ana sababu, na sababu hiyo huwa na mkia mrefu. Ukikuta panya, usitege sumu, maana mbwa huweza kuila sumu yenyewe au kumla panya aliyekwisha kuila. Mkojo wa panya pia hubeba bakteria wa leptospira, na ugonjwa wake unampata mbwa na binadamu. Mwulize daktari habari ya chanjo yake mtakapokwenda kwa ajili ya goti.

Pamba za kuchambua mpe kwa njia halali: boksi la karatasi ngumu lenye chembe za chakula ndani, alichane atakavyo, wewe ufagie. Chakula cha asubuhi usikiweke kwenye bakuli kila siku. Kitawanye kwenye nyasi akitafute kwa pua, dakika kumi za kunusa humchosha kuliko unavyodhani. Kuvutana kwa kamba ni mchezo mzuri kwake, usiogope hadithi kwamba unamfundisha ukali. Sharti ni moja: ukisimama tuli na kuonyesha kitu cha kubadilishana, aachie, kisha mnaanza tena. Hapo umemfundisha kuachia bila kumpokonya, na siku atakapookota kitu kibaya njiani utanikumbuka. Ila mpaka goti liangaliwe, kamba ivutwe chini chini, asirukeruke wala asigeuke kwa kasi.

Kubweka hakutakwisha kabisa, na anayekuahidi kwamba kutakwisha simwamini. Kupungua kunawezekana. Ziba sehemu ya chini ya dirisha analolilinda asione kila kipitacho. Akibweka mlangoni, nenda uone, mwambie "asante, nimeona" kwa sauti ya chini, kisha mwite upande wako na umzawadie akija. Ukimpigia kelele toka jikoni, yeye anasikia mwenzake naye anabweka, anaongeza bidii.

Kuhusu kuitwa nje, nitakuwa mkweli: usimfungue. Mtembeze kwa kamba ndefu, mita kumi hivi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni; koo la mbwa mdogo ni laini na kamba ndefu ikimkaza shingoni ghafla inaumiza. Mwite akiwa na nafasi ya kusikia, yaani kabla hajaona paka, si baada. Kila akija apate kitu cha maana, na usimwite kamwe ili umkemee au umwogeshe. Baada ya miezi kadhaa atakuwa anakuja mara nyingi. "Mara nyingi" ndiyo shahada ya juu kwa mbwa wa namna hii, na wengi huishi maisha mazuri sana wakiwa na kamba mpaka uzeeni.

Tumfikie Jabali.

Ulimjua Jabali kwa miaka kumi na moja. Kimya una naye wiki saba, na kati ya hizo zile siku tatu mlizozipenda hakuwa yeye. Mbwa asiyetoa sauti, anayelala kupita kiasi na kula kidogo katika nyumba ngeni si mtulivu, ameogopa. Watu wanaohifadhi mbwa wana kipimo chao cha mkono: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kuanza kuona kwamba hapa ni nyumbani. Si sayansi, lakini nimeona ikikaribia ukweli mara nyingi. Mlimpa jina la hofu yake, kisha hofu ilipopungua mkamdai arudi kwenye jina. Sikulaumu, jina ni zuri, na mbwa mwenyewe hajui maana yake.

Humpendi bado. Vizuri kwamba umesema, na sidhani unapaswa kujilazimisha. Jaribu hili badala yake. Chukua daftari, na kila usiku ukiwa umekaa hapo mezani naye akiwa chini, andika kitu kimoja alichofanya Kimya siku hiyo. Kimoja tu, na jina la Jabali lisiwemo. Alilala ubavu upi. Alinusa nini kwa muda mrefu. Alimfuata nani mlipotawanyika vyumba tofauti. Sikio lililolala, huwa linasimama lini? Umeniandikia ukurasa mzima na ndani yake umeona mambo ambayo wenye mbwa wengi hawaoni: ule mwayo, ule mguu, lile sikio linalogeuka. Unamtazama kwa makini kuliko unavyojua, ila unachokitafuta ndani yake ni mbwa mwingine.

Kumrudisha? Kwa sasa hapana. Goti halijaangaliwa, na sheria za nyumba hazijajaribiwa hata wiki. Kaa na mume wako mkubaliane juu ya miezi miwili baada ya kwenda kwa daktari. Nitabadili jibu langu kama daktari amesema hana maumivu, mmeacha kumbeba, na bado anamrukia mtoto bila dalili ya kutangulia. Na kama mnajijua hamtaweza kusimamia mtoto na mbwa kila wanapokuwa pamoja, nitabadili pia, kwa sababu hapo Kimya hana kosa na mtoto hana kinga. Ikifika huko, mrudisheni kituoni na mweleze kila kitu, goti na ngurumo na shimo. Asipewe mtu mwingine kwa kufichwa habari ya meno.

Nimesahau jambo moja kuhusu daktari. Kabla ya kwenda, mrekodi Kimya kwa simu akikimbia, mpaka upate zile hatua za miguu mitatu. Usimkimbize kwa ajili hiyo, subiri akimbie mwenyewe. Mbwa hawa wakifika kliniki hutembea kama wanajeshi kwenye gwaride, na daktari atakuuliza ni mguu upi.

Mjomba wako